Kiu ya Gari la Mkuu Purev

Delgermaa alikuwa juu ya ngazi, glovu moja ameiuma kwa meno, akipachika namba mpya za bei kwenye ubao wa kituo cha mafuta. Namba zenyewe ni za bati, na bati katika baridi ile halina huruma na ngozi ya mtu: ukiligusa kwa kidole kitupu linanata, ukichomoa kidole linabaki na chake. Lakini kwa glovu huwezi kushika vindoano vyake vidogo. Kwa hiyo alipachika namba moja, akatia vidole kwapani mpaka vikaanza kuuma, dalili kwamba bado ni vyake, halafu akapachika nyingine.

Chini yake foleni ilikuwa imeshapita geti la kiwanda cha sufu, kile kilichofungwa, maana vituo vingine vya mji vilikuwa vimekaukiwa mafuta. Madereva walikuwa wamezima magari kubana mafuta, wakasimama nje wakiutazama ubao kama watu wanaomtazama mgonjwa.

"Dada, hiyo ni sita au tisa?" aliuliza dereva mmoja wa teksi.

"Tisa, kaka."

"Igeuze basi. Nani atajua?"

Watu walicheka, mvuke ukawatoka midomoni. Delgermaa naye alicheka, ila ndani ya skafu. Mama yake alizoea kusema kwamba huyu mtoto akizama mtoni, atanyoosha mkono kwanza aombe ruhusa ya kupiga kelele.

Kazi ya pampu ilimfaa kwa sababu hiyo. Haihitaji maneno mengi. Mtu anataja kiasi, unaingiza mpira, unasoma namba, unapokea hela. Mwaka ambao baridi iliua kondoo wao wote, yeye na mama yake walihamia pembezoni mwa mji huu wa mkoa, wakasimamisha hema lao la sufu kwenye mteremko pamoja na wengine waliofiwa na mifugo, na mshahara wa kituo ndio uliokuwa ukiwanunulia makaa ya mawe. Vituo mjini ni vitatu tu, na wenye vituo wanakunywa chai pamoja. Msichana wa pampu akiitwa mwizi kwenye kimoja, ameitwa mwizi kwenye vyote.

Ndipo lilipokuja gari la Mkuu Purev.

Halikupanga foleni. Lilipita pembeni, likapanda ukingo wa barabara, likasimama kwenye pampu, likamziba mzee Jigmed, mfugaji ambaye zamu yake ndiyo kwanza ilikuwa imefika baada ya kungoja tangu giza la alfajiri. Mzee Jigmed alikanyaga breki za gari lake la Kirusi, lile la kijivu lenye umbo la mkate, akatema mate dirishani. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake yote.

Gari la Mkuu lilikuwa la kifahari, tena sana, enzi zake. Huko Japani lilikuwa limembeba tajiri mmoja mpaka tajiri akalichoka. Likavuka bahari, likapanda treni, likauzwa Ulaanbaatar, likauzwa tena, mpaka likamfikia Purev likiwa na umri wa kuoa. Ngozi ya viti ilikuwa imepasuka, akaifunika kwa vitambaa vya hariri. Injini yake ya silinda nane ingeweza kuvuta nyumba. Purev aliitumia kuvuta tumbo lake kutoka nyumbani mpaka ofisini, mitaa mitatu. Juu ya paa kulikuwa na keria ya chuma, na juu ya keria matairi mawili ya akiba, sepetu, meza ya kukunja na sanduku la vyombo, vyote vimekaa huko tangu sherehe za kiangazi, vimeota barafu. Chini lilivaa matairi mapana ya kuvukia matope. Mji mzima wakati huo wa mwaka hauna tope hata la kupaka kidonda. Kila kitu ni jiwe.

Mwenyewe alikuwa naibu mkuu wa idara ya malisho. Malishoni hakuwahi kuonekana ila siku za kuchinjiwa.

Alishuka, akaiacha injini ikiunguruma. Hakuwa na tabia ya kuizima. Iliunguruma akiwa ofisini, iliunguruma akiwa kwa kinyozi, iliunguruma mbele ya mgahawa wakati yeye yuko ndani anashusha buuz, vile vibumba vya unga vilivyojazwa nyama, sahani kwa sahani, ili akitoka akute kiti kina joto. Watu wengine mjini wakizima gari huifunika injini kwa blanketi nene la sufu isigande. Shemeji yake aliwahi kumletea blanketi kama hilo, akalikataa. Alisema hilo ni la malori.

"We binti," alisema. "Shuka hapo."

Delgermaa alishuka.

"Juzi ulijaza tangi hili. Ulijaza au hukujaza?"

"Nilijaza, Mkuu."

"Leo mafuta yako wapi?"

Alidhani anaulizwa swali la kweli. "Yamekwisha, Mkuu?"

"Yamekwisha, anasema." Purev akawageukia watu. "Mnasikia? Nimekwenda ofisini, nimerudi. Nimekwenda ofisini, nimerudi. Gari hili limetengenezwa na watu wenye akili, haliwezi kunywa namna hiyo. Pampu yenu inatema hewa. Mnaniuzia upepo."

"Mkuu, hizo silinda nane," alisema yule dereva wa teksi. "Kila moja ina mdomo wake."

"Nyamaza wewe. Hicho kitoroli chako kinakwenda kwa mkojo."

"Lakini kinajua kupanga foleni," dereva alisema, akiwa ameshageukia upande mwingine.

Gari la mkubwa likiugua, kila mtu ni daktari. Mmoja alisema ni keria, inakamata upepo. Mwingine alisema ni matairi, mazito kama mawe ya kusagia. Mama mmoja aliyeshika dumu alisema huenda halikunyunyiziwa maziwa ya baraka vizuri siku lilipoingia mjini. Hili la mwisho ndilo lililomkera Purev hasa. Gari lilinyunyiziwa maziwa magurudumu yote manne, na lama, mtawa wa Kibudha, alilisomea dua, tena si lama wa bei ya chini.

"Na hita, Mkuu?" mzee Jigmed aliuliza kutoka dirishani kwake. "Inatoa joto?"

Purev alimtazama yule mzee, joho lake limeng'aa mafuta ya kondoo kifuani. "Hita mbovu tangu theluji ianguke. Inapuliza vuguvugu. Ndiyo maana silizimi. Nizime nigande?"

"Na mshale wa joto la injini?"

"Umelala chini kabisa." Alilisema kwa fahari, kama baba anayetaja cheti cha mtoto. "Kiangazi lilinichemkia mlimani tukienda kwenye mashindano ya farasi, maji yakaruka, watu wakanipita wananicheka. Nikamwambia kaka yangu, akaking'oa kile kidude, thamostati, akakitupa mtoni. Sasa maji yanazunguka bila kizuizi. Halijachemka tena."

Nusu ya madereva pale walikuwa wamefanya vilevile kiangazi. Ndivyo wanavyofanya wote wakiogopa milima. Ila theluji ilipoanguka wao walikirudisha kile kidude, na aliyekosa hela ya kingine aliziba rejeta kwa kipande cha boksi.

"Basi injini yako inasikia baridi, Mkuu," alisema mzee Jigmed. "Ng'ombe mwenye baridi anamaliza ghala. Inakula ipate joto, joto linakimbia, inakula tena. Na hita nayo itoe joto wapi? Halafu wewe unaiacha iungurume kutwa."

"Mzee, wewe na ng'ombe wako. Hii ni mashine."

"Haya."

Mtu mmoja nyuma alijaribu kulia kama ng'ombe, wengine wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoiharibu siku. Kabla yake Purev alikuwa anatafuta mafuta ya bure. Sasa alikuwa anatafuta mtu. Akatoa simu.

Bwana Tumur wa vipimo, ukimwita aje kukagua mzani sokoni, hufika baada ya mwezi akiwa na mafua. Kwa Mkuu alifika kabla chai ya chumvi ya Delgermaa haijapoa. Walisoma darasa moja, na jioni walicheza karata pamoja. Alishuka na kopo lake la vipimo, la alumini, lita kumi, shingo nyembamba yenye kioo cha kusomea.

"Jaza."

Delgermaa alijaza. Mafuta yalipanda shingoni, yakatulia juu ya mstari. Tumur aliyatazama upande huu, akayatazama upande ule, akachuchumaa. Halafu akalibeba kopo mpaka kwenye gari lake mwenyewe, akalimimina tangini. Hiyo ilikuwa desturi. Mafuta ya kupimia hayakurudi yalikotoka.

"Tena."

Yakatulia pale pale, yakaenda kule kule.

"Tena."

"Huyu anapima pampu au anapima tangi lake?" dereva wa teksi aliuliza.

"Utaratibu," alisema Tumur bila kugeuka.

Muda wote huo gari la Purev liliendelea kuunguruma, bomba lake likitoa moshi unaonuka petroli mbichi, ile ambayo injini imeimeza ikashindwa kuichoma. Waliosimama nyuma yake walihamisha nyuso zao.

Tangi la gari lake mwenyewe lilipojaa, Tumur alikaza kifuniko, akamvuta Purev pembeni, lakini si pembeni sana.

"Pampu iko sawa, ndugu yangu."

"Haiwezekani."

"Iko sawa. Nimepima mpaka nimechoka."

"Kwa hiyo mimi mwongo? Mbele ya hawa?"

Tumur alifikiri. Alikuwa mtu wa kupatanisha. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba kila mzani una pande mbili, na lazima upande mmoja ushuke, na si upande wa mkubwa. Akamwangalia Delgermaa kama mtu anayechagua kijiti cha kuwashia jiko.

"Pampu ikiwa sawa, basi ni mkono," alisema. "Hawa wasichana wana mchezo wao. Anakata mpira kabla ya wakati, namba anaitaja kwa mdomo. Binti, ulikata?"

"Sikukata."

"Sikiliza kwanza, usikimbilie kujibu. Ukisema ulikata, yameisha. Pampu nzima, Mkuu hana kosa, mimi nakwenda zangu, hawa wanapata mafuta yao. Usiposema, maana yake kasoro iko kwenye pampu, na pampu yenye kasoro naifunga lakiri mpaka wataalamu waje kutoka Ulaanbaatar. Watakuja lini? Mimi sijui."

 Ndani ya kibanda simu ililia, Delgermaa akaingia kuipokea. Alikuwa mama Tungalag, mwenye kituo; Purev alikuwa ameshampigia.

"Delger, mwanangu," alisema kwa sauti ya asali. "Wewe sema tu. Maneno hayatoboi mwili. Umwombe msamaha, umjazie tangi, mimi na wewe tutaelewana kwenye mshahara kidogo kidogo. Nakujua, hukuiba."

"Kama unanijua, mama, niseme kwa nini?"

 Pengine mama Tungalag hakuwahi kusikia swali kutoka kinywa hicho. Ile asali ilipokwisha alisema, "Kwa sababu usiposema, kesho usije."

Alipotoka nje, watu wa foleni walikuwa wamesogea. Walianza kwa upole.

"Dada, sema bwana, tunaganda hapa."

"Neno moja tu, tusizinguane."

"Mwanangu, ningekuwa mama yako ningekwambia useme," alisema yule mama wa dumu. "Nani hapa hajadanganya kwa ajili ya mkubwa?"

Hata dereva wa teksi alikuja akasimama karibu naye. "Kesho watakuwa wamesahau," alimnong'oneza.

Hawatasahau. Delgermaa aliujua mji huu. Ulikuwa umesahau malori mazima ya majani makavu ya msaada, yaliyopotelea njiani mwaka ule kondoo walipokuwa wanakufa wamesimama, majani yaliyokuwa mikononi mwa idara hiyohiyo ya malisho. Hakuna aliyeuliza, na aliyeuliza alikaribishwa chai. Lakini msichana aliyekata lita mbili, huyo wangemkumbuka mpaka siku ya kumzika.

Alimtazama Purev usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitegemea kukuta hasira. Hakukuta. Purev alikuwa anajichokoa jino kwa ukucha, anamsubiri amalize, kama anavyosubiriwa mtu anayefagia mlangoni.

"Sikukata," alisema. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Pampu iko sawa na mkono wangu uko sawa. Gari lako ndilo linalokunywa, Mkuu."

"Umeyataka mwenyewe," alisema Tumur.

Alipitisha waya kwenye mpini wa pampu, akausokota, akatia kipande cha madini ya risasi, akakibana kwa koleo. Alifanya kazi safi. Kisha akaingia kwenye gari lake lililoshiba, akaondoka.

Foleni ilivunjika. Hawakumtukana Purev, Purev ana cheo. Walimtukana aliye karibu.

"Kiburi hicho."

"Atakila kikiwa baridi."

"Maskini mwenye jeuri, mkosi mtupu."

 Mama wa dumu alilipiga dumu lake tupu kwa goti, mara moja, akaenda zake.

Purev alipanda gari lake, akapiga honi watu wampishe. Gari lilisogea. Likakohoa, likasogea tena kama mlevi anayetafuta mlango, halafu likanyamaza katikati ya njia ya kutokea. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi watu walisikia upepo.

Alipiga stata. Injini ilizunguka vizuri, kwa heshima zake zote, isiwake. Akapiga tena. Ilikuwa imemaliza tone lake la mwisho wakati kesi yake inasikilizwa.

Alimpigia Tumur. Sauti ya simu ilikuwa kubwa, kila mtu alisikia.

"Ndugu yangu, mimi nimeshatoka mjini, naelekea wilaya za kaskazini. Na lakiri haifunguliwi na mtu mmoja, wewe si unajua? Uliitaka mwenyewe."

Purev alirudi kwa miguu mpaka kwenye pampu. Bila gari alikuwa mfupi. Viatu vyake vilikuwa vya soli nyembamba, viatu vya kukanyagia zulia, na alitembea akinyanyua miguu kama kuku kwenye matope.

"Binti. Kata huo waya."

"Ni lakiri ya serikali, Mkuu."

"Serikali ni nani? Mimi ndiye nakwambia. Lita tano tu."

"Wakinikuta?"

"Nitasema nilikuruhusu."

Delgermaa alijaribu kumwona akilini akisema hivyo, mbele ya Tumur, mbele ya mama Tungalag, mbele ya yeyote. Hakufanikiwa.

"Hapana, Mkuu."

"Unajua unaongea na nani?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Lisukume, Mkuu," alisema dereva wa teksi akiwa ameshawasha gari lake. "Si limetengenezwa na watu wenye akili?"

Purev alirudi ndani ya gari lake akafunga mlango. Muda si muda vioo vilianza kuota maua ya barafu kwa ndani.

Hakuna anayemwacha mtu nje katika baridi ile. Wala si kwa mapenzi. Ni sheria iliyotangulia idara zote: leo yeye, kesho wewe. Mzee Jigmed hakuwa na mafuta ya kumfikisha kwake, lakini alirudi kinyumenyume mpaka mbele ya gari la Mkuu, akashuka na kamba yake, akapiga magoti kwenye barafu kuifunga.

Kioo kilishuka kidogo. "Angalia bampa," alisema Purev. "Hiyo bampa si ya huku."

Mzee Jigmed alikaza fundo. Aliposimama alikuja kwanza kwenye pampu, akajifuta mikono kwenye joho.

"Umetunyima mafuta sote, binti."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi leo nalala kwa dada yangu. Majani ya kondoo yako hapa nyuma ya gari, kondoo wako kule."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi ningesema. Ningesema nimekata, ningepata mafuta, saa hizi niko njiani."

 Mzee alimwangalia kidogo, kama anavyotazamwa farasi ambaye bado hujajua utamfanyia nini.

"Haya," alisema, akaenda kupanda gari lake.

Kamba ilikaza. Gari la silinda nane, na meza yake ya kukunja juu ya paa, likafuata nyuma ya kile kimkate cha kijivu kama ng'ombe anayepelekwa sokoni, Purev akiwa amekamata usukani kwa mikono miwili, akipiga honi mzee apunguze mwendo.

Simu ililia tena. Mama Tungalag safari hii hakuanza na mwanangu.

"Zima jiko, funga kibanda, funguo mpe mlinzi. Na wakija watu waambie pampu mbovu. Usianze kuelezea elezea."

"Sawa, mama."

Alikuwa anazoa majivu ya jiko lilipoingia lori dogo kutoka barabara ya kusini. Mgeni, hakumjua. Dereva alishusha kioo, akaona waya.

"Dada, pampu mbovu?"

Delgermaa aliweka ndoo chini.

"Nzima," alisema. "Imefungwa kwa sababu gari la Mkuu Purev wa malisho linakunywa sana."

"Unasemaje?"

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mbwa waliokuwa wamejikunja kando ya ukuta wakainua vichwa.